Kitufe Ambacho Sikukibonyeza

Helena, Montana
Jumapili, mwezi wa Machi

Mdogo wangu Leif,

Salamu nyingi kutoka Helena, ambako theluji imeanza kuyeyuka na kila kiatu kinaingia bungeni na tope lake. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Kodiak, mgongo umetulia, na kazi yako ya useremala bado inakuweka mjini. Mimi mwili hauna neno. Mama naye hajambo. Nilikuwa naye jana kule Brenna, amemaliza supu yote na bado akaulizia kitu kitamu. Mtu wa miaka tisini na moja akiulizia kitu kitamu, ujue bado yupo sana.

Alhamisi ulinikatia simu. Nimeamua kukuandikia kwa sababu barua haikatwi katikati. Unaweza kuichana ukitaka, lakini nakujua, utaichana kisha utaokota vipande usome. Basi mimina kahawa, kaa chini, umsikilize dada yako mpaka mwisho.

Kabla hujakata ulinitupia maneno mawili. Kwanza ulisema nimemuuza mama. Pili ulisema baba angekibonyeza kile kitufe bila kupepesa macho. La kwanza limeniuma sana, sikufichi. La pili ndilo lililonifanya nichukue kalamu, na nitalijibu, ila si sasa hivi. Sasa hivi nataka ujue mambo yalivyokwenda, maana wewe umesikia kile kilichosemwa redioni tu, na redio ya kwetu ikishaipa habari dakika moja inajiona imemaliza kazi.

Nilipokwambia nagombea ubunge wa jimbo ulinicheka mpaka ukakohoa. Ulisema mtu aliyepima ngano kwenye ghala la Brenna tangu usichana atakwenda kuwapandisha wabunge kwenye mizani. Mara ya kwanza nilishindwa, tena na muuza matrekta ambaye hata mkutano mmoja hakufanya. Mara ya pili nikasema sikubali. Nilizunguka kila barabara ya changarawe ya kaunti yetu, nikafukuzwa na mbwa, nikanasa kwenye tope, nikanywa kahawa ya kila nyumba, hata zile nyumba ambazo kahawa ya asubuhi ndiyo hiyo hiyo ya jioni. Watu hawakuniuliza sera. Waliniuliza mimi binti wa nani. Nikijibu binti wa Einar Kolstad, yule mbunge wa zamani, mlango unafunguliwa. Nakubali kabisa, jina la baba ndilo lililoniingiza bungeni. Lishike hilo, tutalirudia.

Bungeni nako wana mambo yao. Mbunge mpya akileta muswada wake wa kwanza wenzake humfanyia mzaha wa kumkomaza, na hakuna anayemwonya. Wangu ulikuwa muswada mdogo wa mageti ya ng'ombe kwenye barabara za kaunti, kitu kisicho na adui duniani. Nikasimama, nikaeleza. Mzee mmoja mrefu wa upande wa pili akainuka na uso mkavu, akataka kujua kama ng'ombe wenyewe wameshirikishwa. Mwingine akauliza ng'ombe asiyejua kusoma atalitambuaje geti. Spika akaita kura, na ule ubao mkubwa wa kura ukutani ukawaka taa nyekundu za hapana mtindo mmoja, kila jina isipokuwa langu. Leif, nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya karatasi zangu ndipo kicheko kikalipuka, na taa zikaanza kugeuka kijani, moja baada ya nyingine, mpaka ubao wote. Yule mzee mrefu akapita mezani kwangu, akaniachia peremende, akasema, "Karibu ndani, binti Kolstad. Sasa unazijua rangi zote mbili."

Huyo ndiye Harmon Dykema, mfugaji kutoka kwa wale Waholanzi wa bonde la Gallatin, watu ambao kwao Jumapili hata trekta haliwashwi. Aliwahi kuwa mbunge ujanani, akarudi kwa ng'ombe wake, na uzeeni watu wake wakamrudisha tena. Mimi na yeye tunazozana kuanzia Januari mpaka bunge lifungwe. Yeye anaamini kila senti ya serikali imechomolewa mfukoni mwa mfugaji. Mimi namwambia mfugaji naye atazeeka. Lakini hajanidanganya hata siku moja, na ukikaa kwenye jengo lile utajua hilo si jambo dogo.

Sasa njoo kwenye muswada wetu. Unajua Nyumba ya Wazee ya Brenna inavyohangaika. Jimbo linalipa kidogo kwa mzee asiye na kitu, wauguzi wanakimbilia mijini, na bodi imeshatangaza kwamba bila msaada milango inafungwa mwezi wa Juni. Mama na wenzake watapelekwa Billings, saa nne kwa gari barabara ikiwa safi, na majira ya baridi wewe mwenyewe unaijua barabara ile. Nani atakwenda kumkatia kucha? Nani atamletea yule paka wa jirani anayemtaka kila Jumatano? Muswada wangu ulikuwa unaongeza malipo hayo kwa nyumba za kaunti ndogo, basi. Niliuhangaikia majira yote ya baridi. Dykema aliupinga tangu siku ya kwanza, kwa sababu fedha zake zingetokana na kodi ya ardhi.

Ijumaa ya wiki ile nyingine nilifika bungeni asubuhi na mapema, nikamkuta kwenye maegesho akikwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya benki. Mkewe alikuwa ameanguka jikoni kwa moyo, na anapelekwa Billings kupasuliwa. Dykema alijua kura ya muswada wangu ni Jumatano na yeye hatakuwepo. Hapa lazima nikueleze desturi yetu moja. Mbunge akipatwa na dharura hufungana na mwenzake wa upande wa pili. Mimi wa ndiyo, wewe wa hapana. Ukiondoka wewe, mimi nakaa kitini lakini sibonyezi chochote, ili shida yako isinipe mimi ushindi. Kwa kawaida mnatia saini karatasi ofisini. Ofisi ilikuwa bado imefungwa, na mkewe alikuwa ndani ya gari la wagonjwa. Akanitazama kwa muda, kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuvuka. Kisha akaniomba nimpe neno langu. Nikampa. Tukashikana mikono, glavu zimevuliwa, akaondoka.

Jumanne, Corrine Laughlin, mnadhimu wa upande wetu, akaniita kwenye kona karibu na ngazi, uso unang'aa. Alikuwa amehesabu vichwa. Dykema hayupo, tunapita kwa kura moja. Nikamwambia hiyo moja ni yangu, na imefungwa. Uso ukamshuka. Akauliza karatasi iko wapi. Nikasema hakuna karatasi. Akapumua, akaniambia basi hakuna kitu, hakuna aliyeona, na yule mzee hata akilalamika atalalamika kwa nani? Nilipotikisa kichwa akaacha unadhimu, akanishika bega, akanikumbusha kwamba mama yangu yumo mle ndani. Hakukosea. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kitini.

Jumatano ikafika. Nililitetea jambo letu kwa kila kilichokuwa kifuani mwangu, na nasikia hata wa upande wa pili walinyamaza. Spika akaita kura. Taa zikawaka. Arobaini na tisa kijani, arobaini na tisa nyekundu, na penye jina langu giza. Kura zikilingana muswada umekufa, ndiyo sheria. Spika akauliza kama kila mbunge amepiga kura, akanielekezea macho. Akauliza mara ya pili, jambo ambalo halifanyi kwa mtu yeyote. Kitufe cha kijani kilikuwa hapa, Leif, karibu na kidole changu kuliko kikombe chako cha kahawa sasa hivi. Niliiweka mikono chini ya mapaja nikaikalia. Akagonga nyundo.

Hakuna aliyekaa meza moja nami mchana ule. Corrine alinipita kama kiti. Alhamisi ukanipigia wewe.

Sasa nakuja kwenye neno lako la pili, kwamba baba angebonyeza. Mdogo wangu, ni kweli. Angebonyeza. Alibonyeza.

Jumapili kabla ya kura nilikuwa na mama. Nilimweleza yote, nikiwa na tumaini la siri kwamba ataniambia nibonyeze, ili nikifanya iwe ni kwa amri yake. Nilipotaja jina la Dykema akaweka uma mezani. Akauliza ni yule Harmon, mrefu, wa Gallatin? Nikasema ndiye. Halafu akanisimulia jambo ambalo alilibeba tangu mimi nikiwa binti wa shule na wewe bado huna meno ya mbele.

Ule muswada uliojenga nyumba za wazee kwenye kaunti zinazopitiwa na reli, ule ambao kwa ajili yake picha ya baba imetundikwa pale mlangoni akiwa na tai ile pana, ulipita kwa kura moja. Kura hiyo ilikuwa ya baba. Na baba alikuwa amefungana na mbunge mmoja kijana aliyekwenda nyumbani kumzika mtoto wake wa kwanza. Hawakuandikiana, walishikana mikono tu, kwa kuwa kijana alikuwa na haraka. Baba akakaa kitini, akatazama ubao, akaona imebaki moja, akabonyeza. Kijana alirudi kutoka makaburini akakuta imekwisha. Kijana huyo alikuwa Harmon Dykema.

Nilimuuliza mama ilikuwaje baada ya hapo. Akasema hakuna aliyemtukana baba, hakuna aliyemshitaki. Walikuwa wakimsalimu vizuri tu. Ila tangu siku hiyo hakuna mtu aliyetaka kufungana naye, wa upande wowote. Na wewe, Leif, unakumbuka ulipopasuliwa tumbo Great Falls, ukakaa siku zote zile ukiuangalia mlango na baba hakutokea. Tuliambiwa anapigania wakulima. Ulijivunia hilo, ulilisema mpaka mbele ya jeneza lake. Ukweli ni kwamba kulikuwa na kura kubwa ya reli, na baba alizunguka jengo zima akiomba mtu mmoja tu afungane naye ili aje kwako. Alimwomba kila mtu. Kila mtu akamwambia pole.

Nikamuuliza mama sasa nifanye nini, na yeye ndiye atakayehamishwa. Akaniangalia kwa yale macho yake ya kukagua vyombo vilivyooshwa na watoto. Akasema, "Mimi ninalala vizuri humu, sijakataa. Lakini nyumba moja iliyojengwa namna hiyo inautosha ukoo mmoja, Marit." Kisha akachukua uma wake akaendelea kula.

Kwa hiyo usiniambie tena kwamba nimemuuza mama. Mama hakuwa sokoni. Na usidhani nimekaa nalia. Muswada umekufa, lakini bajeti haijapigiwa kura, na mimi nina kichwa kigumu, umekiita hivyo mwenyewe mara nyingi. Alhamisi ijayo nitasimama tena nitake fedha zilezile ziingizwe kwenye bajeti. Zikikataliwa, nitakwenda kaunti kwa kaunti tukusanye saini wananchi wapige kura wenyewe. Na mwakani nagombea tena, watake wasitake. Corrine anasema kiti changu kimeshakwenda na maji. Nimemwambia nilishawahi kuona ubao mzima mwekundu na sikufa.

Jambo la mwisho, kisha nikuache. Jana nikiwa na mama, mlango uligongwa, akaingia Dykema, kofia mkononi na pai ya cheri aliyoinunua njiani. Alikuwa ameendesha kutoka Billings. Mkewe amepona upasuaji, ameshaanza kuwagombeza wauguzi. Dykema alisema amekuja kuiona nyumba ambayo ameipinga mara mbili bila kuikanyaga. Nilimtembeza kila chumba. Pale mlangoni alisimama mbele ya picha ya baba kitambo, nami sikujua niangalie wapi. Nikamuuliza kwa nini alimwomba neno binti wa mtu huyu, kati ya watu wote. Akanijibu kwamba aliponiona kwenye maegesho alitaka kupanda gari aende zake bila kuomba chochote. "Halafu nikaona nimechoka," akasema, "kuwa mtu anayemkumbuka baba yako kwa jambo moja tu."

Usidhani amegeuka. Alikaa na mama wakala pai, na uso kwa uso akamwambia bado anaipinga ile kodi. Mama akamwambia ana kichwa kama cha Einar, akamkatia kipande kingine. Lakini kesho asubuhi atakaa nami tutafute fedha hizo mahali pasipogusa ardhi ya mfugaji, naye yumo kwenye kamati ya bajeti. Hakuniahidi kura, nami sikumwomba. Siku akiniahidi nitaweza kulitegemea neno lake nikalala, na nilimwona akiniangalia akijua kwamba hata neno langu linategemeka.

Kwako nina ombi moja, na si la fedha. Njoo nyumbani kabla ya Juni, uje na vifaa vyako. Bajeti ikikataa, mama haendi Billings, anakuja kwangu. Mlango wa chumba cha chini ni mwembamba, kiti chake cha magurudumu hakipiti, na pale barazani panahitaji mteremko badala ya ngazi. Ningeweza kumwita fundi wa Havre, lakini nataka uwe wewe. Na bajeti ikikubali, utakuwa umekuja bure, utakula na kumwona mama, na utanitazama usoni kunitukana badala ya kunikatia simu.

Picha ya baba usiishushe moyoni mwako. Nilimuuliza mama kama tuiondoe pale mlangoni, akanijia juu. Alisema mtu mwenye wazee wote wale waliokufa kwenye shuka safi hawezi kushushwa ukutani kwa siku moja mbaya, lakini pia hawezi kuigwa.

Watu wa Brenna wanakusalimu, hasa mapacha wa duka la mbao ambao bado wanangoja uwarudishie ngazi yao. Nisalimie wenzako wa karakana. Mama anakusalimu zaidi ya wote, na ameniagiza nikuandikie jambo hili neno kwa neno kama alivyolitamka. Anasema usiku ule ulipopasuliwa tumbo, baba aliposhindwa kutoka Helena, alisimama kwenye simu ya ukutani ya bungeni akiwa na sarafu kwenye kofia, akaipigia hospitali tena na tena, na kila alipoulizwa kama uamshwe mzungumze, alisema hapana, mwacheni alale, mwambieni tu asubuhi kwamba nilipiga. Muuguzi alisahau kukwambia. Mama naye, kwa aibu ya yale mengine, akanyamazia hata hili. Anasema sasa umeambiwa.

Ni mimi dada yako mwenye kichwa kigumu,

Marit Kolstad